Kafui, fundi antena aliyelielewa wimbi kwa mguu na mkono

Saa mbili asubuhi, banda la wafumaji la kijiji cha Agbokope limeshachangamka. Miguu inakanyaga, mikono inarusha, vijiti vya uzi vinapita huku na huku. Juu ya yote hayo, redio kumi na moja zinakoroma kama mzee mwenye mafua.

Kafui Adzraku anaegesha baiskeli yake, anavua kofia, anasikiliza kidogo kisha anaangua kicheko.

"Mnasikiliza nini humu? Mvua?"

"Tunasikiliza njaa, dada," anajibu Dotse Amenuvor, mkuu wa banda, bila kuinua macho kwenye nguo yake. "Leo siku ya kumi na nne. Watu wanakufa huko na sisi hatuambiwi."

Si mzaha. Kila asubuhi redio ya jamii ya Kpetoe, kilomita kumi na saba kutoka hapa, hutangaza misiba: nani amefariki, anazikwa lini, familia itavaa rangi gani. Mfumaji anayesikia mapema hutanda nyuzi zake mapema, na wateja wakifika wanamkuta tayari. Kufa kufaana. Lakini wiki mbili zilizopita dhoruba iliangusha antena ya redio hiyo, ikafungwa mpya, na tangu hapo Agbokope hawapati kitu ila mikwaruzo.

Wafumaji wamekwishakaa kikao. Wamekata mianzi sita mirefu, wanataka antena zao zipande juu kuliko miembe. Wamemwita Kafui aje kuisimamisha.

Kafui anaitazama mianzi iliyolazwa nje. Anatazama redio. Kila moja imefungwa kwenye nguzo ya mfumaji wake, antena imenyooshwa wima na kuzungushiwa vipande vya uzi, isije ikanasa nyuzi zilizotandwa. Ndivyo wafumaji wa huku wanavyofunga redio tangu enzi za baba zao.

"Mianzi ni mizuri," anasema. "Itafaa kuanikia nyuzi."

Kafui ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza juu ya mapaa ya watu. Hutoza sedi thelathini kufunga antena moja, na mwezi ukiwa mzuri hupata kama sedi mia tisa. Alijifunza kwa kumtazama marehemu mumewe, naye alipofariki akabaki na ngazi, koleo na watoto watatu. Mwanzoni watu walimcheka, mwanamke juu ya paa. Siku hizi wanamcheka tu akichelewa.

Leo ana jambo jingine moyoni, na mkono wake haukai mbali na mfuko wenye simu. Fundi mitambo wa redio ya Kpetoe anastaafu mwezi Desemba. Meneja amekwisha kumwambia Kafui kwamba nafasi ni yake, mshahara sedi elfu moja na mia nane, kwa sharti moja: awe na cheti. Bila cheti haruhusiwi hata kuushika mnara. Alifanya mtihani wa mdomo wiki iliyopita katika chuo kimoja cha ufundi mjini Ho, na majibu yanatoka leo asubuhi.

Ni mara yake ya pili. Mara ya kwanza, mwaka jana, aliaibika.

"Waliniuliza wimbi la redio ni nini," anasimulia. "Nikasema ni kama upepo. Linatoka kwenye mnara, linakuja, linaisukuma antena. Basi yule mtahini, mwanamke mpole kabisa, akaniuliza: mama, kama linasukuma kama upepo, mbona wewe vyuma vya antena unavikingamisha? Mbona huvielekezi kule upepo utokako?"

Anatikisa kichwa. "Miaka kumi na tisa nilikuwa navikingamisha. Mkono ulijua. Mdomo haukuwa na habari. Wakanihurumia, na hakuna kitu kibaya kama kuhurumiwa na watu wenye kalamu."

Alirudi nyumbani, hakula. Watoto walimwekea akple, ugali wa mahindi, na mchuzi wa bamia mpaka ukaganda. Kesho yake aliingia kwenye kibanda cha baba yake, mahali ambapo tangu utotoni alikatazwa kukanyaga, akaketi kwenye mtambo wake wa kufumia. Zamani huku mwanamke alisokota uzi tu. Kufuma lilikuwa jambo la wanaume, na Mzee Adzraku alikuwa mkali kuliko mila yenyewe.

"Nilitaka tu kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza kitu," anasema. Akaanza kukanyaga. Akaanza kurusha. Siku ya tatu akasimama ghafla, kijiti cha uzi kikiwa mkononi, kwa sababu alikuwa amelipata jibu.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, tangu saa ngapi Kafui hajui. Kafui alijiandaa kwa matusi. Mzee akasema, "Mguu wako unautangulia mkono. Polepole." Akaenda zake.

Ndani ya banda, Kafui sasa anafungua nyuzi kwenye nguzo ya Dotse. Anaishusha redio, anailaza ile antena iwe sambamba na ardhi, ncha yake ikielekea Kpetoe. Redio inanyamaza karibu kabisa.

"Umeiua," anasema Sename, binti pekee katika wafumaji kumi na mmoja, na mwenye mdomo kuliko wote.

Kafui anaigeuza. Antena bado imelala, ila sasa imekingama, ncha moja kulia na nyingine kushoto. Sauti ya mtangazaji inaibuka, safi, ikilitaja jina la marehemu wa Ziope na rangi watakayovaa ndugu zake, nyeupe na buluu.

Banda zima linapiga kelele. Dotse anaacha kazi.

"Umeilaza tu? Na mianzi yetu sita?"

"Niliwaambia mwanike nyuzi."

"Dada, usitufanyie mazingaombwe. Tueleze."

Na hapo, fundi ambaye mwaka jana aliaibika mbele ya watahini watatu, anavuta kigoda na kuketi mbele ya kumi na mmoja.

"Kaka Dotse, nguo yako inaelekea wapi?"

"Kwangu." Nyuzi zilizotandwa zimenyooka mbele yake hatua ishirini, zimefungwa kwenye jiwe, na jiwe hilo husogea taratibu kadiri nguo inavyozaliwa. Mawe yote kumi na moja yako upande wa Kpetoe.

"Mguu wako unafanya nini?"

"Unapandisha nyuzi na kushusha. Juu, chini."

"Mkono?"

"Kulia, kushoto."

"Basi wimbi ni hivyo hivyo. Linakuja kwako, lakini halikusukumi. Kazi yake yote iko kwa kukingama. Ndani yake mna umeme na sumaku. Mmoja ni mguu, mwingine ni mkono, na wanapiga pigo moja. Mguu ukigoma?"

"Mkono hauna pa kupita."

"Na mkono ukigoma, mguu unakanyaga bure. Umeme na sumaku nao hivyo hivyo, kila mmoja anamzaa mwenzake, ndiyo maana wanafika mbali bila kushikwa na mtu. Sasa, chuma cha redio yako kinausikia umeme tu. Kabla ya dhoruba, vyuma vya mnarani vilisimama, kwa hiyo umeme ulikuwa mguu, juu chini. Antena wima ilifaa. Hivi vipya nimeviona kwa macho yangu, vimelala. Umeme umekuwa mkono, kulia kushoto, na sumaku imechukua nafasi ya mguu. Ninyi bado mmesimamisha antena, mnamsubiri mgeni kwenye mlango aliokwisha kuuacha."

Dotse anakuna kidevu. Ni mtu wa miaka sitini na hakubali jambo kwa haraka.

"Na chanuo?" anauliza. "Nikishapitisha uzi naukaza kwa chanuo. Hilo nalivuta kuja kwangu. Mbona hapo uzi unasukumwa?"

Kafui anacheka mpaka anashika mbavu.

"Wale watahini wa wiki iliyopita niliwapa mfano huu huu, hawakuliona hilo! Wimbi halina chanuo, kaka. Na uzi pia halina. Hapo mfano wangu umefika mwisho, usiuburute."

Sename bado ana lake. Mnara ni mmoja, anasema, na ukitupa kokoto mtungini duara linatoka pande zote. Vipi basi redio yake iliyo mwisho wa mstari na ya Dotse iliyo mwanzo zipate sauti sawasawa?

"Karibu na mnara ni duara kweli," Kafui anakubali. "Lakini likifika hapa limekuwa kubwa mno. Sisimizi akitembea kwenye ukingo wa sufuria la matanga, anajua anazunguka? Anaona barabara imenyooka. Hebu, wote. Mguu mmoja, pamoja. Moja!"

Miguu kumi na moja inashuka. Nyuzi zinafunguka kwa pamoja katika mitambo yote, kutoka mwanzo wa banda mpaka mwisho, mstari mmoja ulionyooka.

"Mbili!"

Zinajifunga, zinafunguka upande wa pili.

"Huo mstari wenu, uliokubaliana juu na chini kwa wakati mmoja, vitabu vinauita wimbi bapa. Mimi nilikuwa naogopa jina tu."

Wanakanyaga tena, bila kuambiwa, kwa raha ya kutazama. Hata Dotse anatabasamu. Kisha kila mtu anarukia redio yake, vifungo vya uzi vinakatwa, antena zinalazwa, na banda linajaa marehemu wa wilaya nzima.

Ndipo simu inapoita.

Agbokope simu hushika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kinu kilichopinduliwa kando ya banda. Kafui anapanda. Anaziba sikio moja.

"Zimeni redio!"

"Sasa hivi umetufungulia!" analalamika Sename, lakini anazima. Wote wanazima. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii unaweza kusikia kuku.

"Ndiyo, mwalimu. Ndiyo. Naam, mimi ndiye. Ndiyo." Anashuka, anaketi juu ya kinu, anafuta uso kwa kofia. Machozi yanamshinda, na hayafichi.

"Wamesemaje?" anauliza Dotse.

"Wamesema nikachukue cheti Jumatatu. Na wamesema nisiende tena na mtambo wa kufumia, mlango wao bado una mkwaruzo."

Shangwe inayopanda hapo haihitaji antena.

Saa nne Kafui yuko nyumbani kwa baba yake. Mzee Adzraku, miaka themanini na minne, hafumi tena. Amelala chali na redio yake kifuani, akiigeuza huku na huku kila anapogeuka yeye, na sauti inakuja na kupotea. Amekwisha kuambiwa kuhusu cheti. Amesema "Vizuri" mara mbili, jambo ambalo wanawe hawakumbuki kulisikia.

Kafui ananyoosha mkono kuilaza antena. Mzee anaupiga kofi.

"Redio hii niliinunua hujazaliwa."

Kafui hacheki, ila macho yanacheka. Januari akianza kazi, jambo la kwanza ni kupanda ule mnara. Atafunga vyuma vingine vya kusimama kando ya hivi vilivyolala, ili umeme ufike kwa mguu na kwa mkono, na antena ipokee hata ikishikwa vipi. Meneja amekubali kununua vyuma, alimradi apande mwenyewe.

"Baba hafundishiki kushika redio yake," anasema, akimfunika mzee shuka aliyoifuma mzee mwenyewe. "Basi nitalifundisha wimbi."