Tulipofunguliwa Mbele ya Sirene

Juzi vilauri vilianza kugongana vyenyewe kabatini, nami nimekaa peke yangu nachambua maharage. Udongo ulitikisika kidogo, ukaacha. Sikukimbia. Nilitega sikio nisikie kama kuna mtoto anapita barabarani, na kweli, haukupita muda binti yangu akaingia na mjukuu wangu mkononi. Kreshi, kule wanakomlelea mchana, wamefunga mapema kwa sababu ya tetemeko. "Banafanya muzuri sana," akasema. Nikamtazama kwa jicho la pembeni, nikamuuliza nani amekufa. Alicheka, akadhani ni uzee. Haya, ninyi msicheke, kaeni niwaeleze.

Nilizaliwa Elizabethville, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, katika zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari, upande ambao upepo ulituletea moshi wa tanuri za shaba. Moshi ule ulikuwa na ladha. Ukilamba mdomo unaisikia. Baba alifanya kazi tanurini. Alikuwa mtu wa Pweto, mrefu, mwenye maneno ya kuchekesha. Mama alikuwa mtu wa Kasenga, na mama yangu hakuamini kitu chini ya jua. Akinunua samaki mkavu alimpanua mdomo amchungulie kooni, na muuzaji alikasirika kila mara. Uji wa masomoni, yaani shuleni, alinikataza kuonja mpaka nimwone mwenzangu amekunywa na bado anacheza. Siku zile watu walinong'ona habari za batumbula, wanaokamata wenzao gizani na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Baba alizicheka hadithi hizo. Mama alijibu, "Lisemwalo lipo," na akafunga mlango mapema.

Masomo yenyewe yalikuwa ya sisi wadogo, ndani ya ua wenye lango la chuma. Mkuu alikuwa masere, mtawa wa Kizungu mwenye mashavu mekundu, na msaidizi wake Mama Stefania, mke wa seremala, ndiye aliyetafsiri. Tuliingia asubuhi, tukatoka sirene ya jioni, king'ora cha kazini, ikilia, saa ileile baba zetu walipotoka kazini. Mbele ya sirene, kabla haijalia, hakutoka mtu.

Ila siku za msiba. Jambo baya likitokea kazini, mjumbe alifika langoni akamnong'oneza masere. Masere aliingia ndani, akafungua kopo lake la biskwi, akaita jina la mtoto mmoja, akampa biskwi moja na kumpapasa kichwa. Kisha Mama Stefania alimsindikiza mtoto nyumbani. Hata hawajafika, wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Hakuna aliyewaambia neno. Mtoto njiani saa za kazi, biskwi mkononi, ilitosha. Hata sisi tulijua, na masere alipogusa tu lile kopo kila mmoja wetu aliangalia chini ili asiitwe yeye.

Sasa, siku ile tulikuwa tumelazwa usingizi wa mchana. Udongo ulinguruma, vumbi likatumwagikia kutoka darini, na ukuta wa upande wa bustani ukapasuka mbele ya macho yetu. Masere akapiga ishara ya msalaba, akatutoa uani haraka. Hakuna aliyeumia. Lakini aliuangalia ule ufa, akaona nyumba si ya kuaminiwa, akaamua watoto wote waende kwao. Na kwa kuwa tulikuwa tunalia, akaenda kuleta kopo.

Mama Stefania alimshika mkono. "Apana, masere. Biskwi apana." Hakueleza zaidi. Nani angeanza kumweleza Mzungu mambo hayo? Masere akamwona mchoyo, akatugawia wote, akafungua lango.

Hakuna aliyekula. Tulitembea kundi zima tukilia kimyakimya, kila mmoja anamlilia baba yake. Mvulana aliyekuwa mbele yangu aliitupa biskwi yake mtaroni, kisha akaogopa, akaiokota tena.

Mama alikuwa mlangoni anapepeta unga. Aliniona mimi, halafu akauona mkono wangu.

"Unatoka wapi?"

"Ku masomo. Masere anatufungua."

"Sirene inalia?"

"Bado."

"Basi rudia. Mi siyakuona bado."

"Mama, ni udongo njo ilitetemeka, batu bote..."

"Minasema siyakuona! Kwenda!"

Akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Niligonga, nikamwita, nikaahidi kuwa mtoto mzuri. Nikatazama mstari wetu nikaona milango inafungwa mmoja baada ya mwingine, na wenzangu wamebaki nje kama mimi. Niliumia sana, wapendwa, siwafichi. Karani mmoja akapita kwa baiskeli akipiga kelele kwamba hakuna ajali, ni tetemeko tu, wanaume wote ni wazima. Kutoka nyuma ya mlango mmoja sauti ikamjibu, "Ni vile munasemaka kila siku!" Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Karani akaondoka akitikisa kichwa.

Nilikaa kizingitini hadi sirene ikalia. Wanaume wakaja, vumbi hadi kwenye kope, na Baba yumo, anawachekesha wenzake kwamba kwao Pweto udongo ukitetemeka watu wanacheza ngoma. Akanikuta nje, akashangaa, akagonga.

"Ni nani?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Ni miye."

"Weye nani?"

Baba akataja jina lake. Haikutosha. Akataja jina la baba yake, akataja na kijiji, na hapo kicheko kilikuwa kimemwisha. Komeo likatoka. Mama alimshika uso, akamshika mkono mmoja, halafu wa pili, anampapasa hadi vidoleni. Mimi hakunitazama.

Niliingia na njaa yangu nikakuta mbabula, jiko letu la makaa, imemwagiwa maji, majivu yamelowa, sufuria tupu. Kitambaa cha kichwa cha Mama kilikuwa sakafuni na nywele zake zimefumuliwa zote. Bukari, ugali wetu, hakuna. Tulikula viazi vitamu vya jana, na nilikasirika kweli: amenifungia nje, na chakula hakupika!

Kesho yake wanawake walikwenda langoni. Mama ndiye aliyesema: masere asifungue tena watoto mbele ya sirene, hata udongo ukitetemeka. Masere akawa mwekundu. Na ukuta ukiwaangukia, akauliza? "Bakae mupaka sirene," Mama akarudia. Mama Stefania akatafsiri maneno, sababu akaimeza. Masere akasema kitu kwa Kifaransa, na mmoja wa wanawake akataka kujua amesema nini.

"Anasema hamupendi batoto benu," Mama Stefania akajibu.

Nilikuwa nyuma ya lango, nikasikia. Nikaamini. Nani angenipinga, nami nililala na komeo lile masikioni? Tangu siku hiyo nilimchunguza mama yangu jinsi yeye alivyochunguza samaki. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikitafuta pua yake. Nilimuuliza shangazi kama niliokotwa, akanipiga kofi, nikaona kofi hilo ndilo jibu. Akinipa kipande kizuri cha nyama nilijiuliza anataka nini kwangu. Miaka mingi niliishi hivyo, nikila naye chungu kimoja.

Baba alikufa mimi nikiwa msichana mkubwa, ninakaribia kuolewa. Si tanuri lililomuua, ni kifua, hospitalini. Mjomba ndiye aliyeleta habari, tukiwa tunapika. Mama alichukua kata ya maji akamwaga juu ya makaa. Akavua kitambaa, akakiacha kianguke. Kisha akakaa chini akaanza kufumua nywele, msuko mmoja mmoja, kama wanavyofanya kwao Kasenga mwanamke akifiwa na mume.

Moshi wa majivu mabichi ulinijaa puani, nikaikumbuka mbabula ile iliyolowa. Mchana ule wa tetemeko, nyuma ya ule mlango, mama yangu alikuwa ameshakuwa mjane, peke yake. Mimi aliniacha nje, niendelee kidogo kuwa mtoto mwenye baba.