Kipande Chetu cha Njia

Sisi tuliokulia kwenye kartie, mtaa wa misioni, hapa Uvira, hatukuwa na saa nyumbani na hatukuchelewa kokote. Kengele ya alfajiri ilitutoa kitandani, ya mchana ilituita kwenye bugali, na ya jioni ilitutoa majini kabla mamba hajaanza kuchagua. Leo kila mtoto ana saa ndani ya simu na simu ndani ya mfuko, na misa ya saa moja anaingia padri akiwa ameshafika kwenye mahubiri. Anakaa nyuma, anainamisha kichwa, unadhani anasali. Mimi sisemi kitu. Nimefika umri wa kutazama tu.

Mwezi wa sita niliteremka kutoka Bukavu, nilikoolewa, kwa kazi moja niliyopewa na mdogo wangu Bahati: kumtoa Mama kwenye nyumba ya zamani. Ziwa limepanda. Limekula michikichi ya chini, likala jikoni ya Mama, na sasa linalala nyuma ya ukuta wa chumba chake. Usiku ukinyamaza unalisikia linapumua. Bahati amejenga juu, upande wa mlima, na chumba cha Mama kiko tayari na kitanda chake. Mama hataki. "Weye ndiye mukubwa," Bahati aliniambia kwa simu. "Minye ananifukuzaka na fagio."

Nilifika na hotuba yangu nimeipanga vizuri tangu njiani, Kamanyola. Sikupata nafasi ya kuitoa. Mama aliweka mezani bugali na samaki wa mukeke, akangoja nile mpaka nimalize, akasema, "Furaha, ninajua chenye kilikuleta. Tuende kwanza kwa misioni, nitembee kidogo. Kichwa yangu inafikiri muzuri mu njia." Basi tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma, kama zamani.

Njia yetu ni moja tu, inaanzia ziwani na kupanda moja kwa moja hadi mlango wa kanisa. Sehemu ya chini ilikuwa ya ndagala. Wavuvi walirudi asubuhi, akina mama wakamwaga dagaa hao kwenye mchanga, na sisi watoto tuliwekwa pale na vijiti kufukuza kunguru. Tulifukuza, ndiyo, lakini na sisi tulikula, wale waliokauka nusu, wenye chumvi ya jua. Halafu tulikimbia shule na harufu yote ile. Sista aliyetufundisha hesabu hakuuliza nani ametoka wapi; alifungua dirisha tulipoingia, basi, tukajua tumejulikana. Siku hizi ule mchanga haupo. Maji yamefika hadi kwenye nguzo ya umeme, na bata wanaogelea mahali nilipojifunza kutembea.

Mama hakuangalia maji. Alikuwa anahesabu nyumba, moja moja, zile za matofali mekundu ambazo misioni iliwajengea maseremala na makatekista. Papa, baba yetu, alikuwa seremala, ndiyo maana tukapata yetu. Kila nyumba ilikuwa na baraza, na kila baraza lilikuwa na mtu mzima mwenye macho. Papa alituambia, "Mukifanya ujinga kule kwa misioni, musijisumbue kukuya kuniambia. Nitakuwa nimeshapata habari." Na kweli alipata. Nilipigana siku moja na msichana wa darasa letu, nikaosha uso, nikanyoosha sare, nikaingia nyumbani kama malaika. Fimbo ilikuwa imeshatolewa nyuma ya mlango.

Tulipita shule ya masista. Uwanja wetu ulikuwa vumbi tupu. Wasichana tulicheza nzango, mistari miwili inatazamana, makofi, wimbo, unaruka, unarusha mguu, na mwenzako naye anarusha wake, ukikosea unatoka. Wavulana walikuwa na mpira wao wa magome ya migomba, wakipiga kelele kama wanauza ng'ombe. Langoni alikaa mama wa bitumbula, vile viandazi vya mviringo, na mafuta yake tuliyasikia puani tangu tukiwa kwenye somo la dini. Uwanja sasa una sementi nzuri sana. Watoto walikuwa wamekaa juu yake kwa safu, mapumziko yote, wanaonyeshana simu. Niliwaonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka na mimi ninayo, na ilikuwa inalia mkobani.

"Acha ilie," Mama alisema. "Ni Bahati. Anataka kujua kama nimekubali."

Lakini kitu kikubwa cha kartie yetu kilikuwa sikukuu ya Sakramenti Takatifu. Waliokulia huko hawahitaji kuelezwa, ila nitaeleza kwa ajili ya watoto wao. Siku hiyo padri alitoka kanisani amebeba Ekaristi, wanaume wanne wameshika mwavuli mkubwa wa kitambaa juu yake, akateremka njia yetu yote hadi ziwani na kurudi, na watu wote nyuma yake wanaimba. Na njia haikupambwa na misioni. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Chetu kilianzia kwenye jiwe la kona na kuishia kwenye mpapai wa Mama Esther. Hakuna aliyekiandika popote, na hakuna aliyekosea. Mtoto wa miaka mitano angekuonyesha kwa kidole.

Jumamosi yake hakuna aliyekaa. Tulifagia, tukamwaga maji kutuliza vumbi la kiangazi, tukabeba mchanga mweupe wa ziwani kwa mabeseni, shingo zinauma. Papa alisimika makuti ya michikichi pande mbili. Halafu Mama alipiga magoti na kupanga maua: bugenvilia za masista tulizoomba, na nyingine ambazo hatukuomba. Alipanga msalaba, nyota, mwaka mmoja alijaribu njiwa akatoka bata. Tulicheka, akatufukuza wote. Kila nyumba ilichungulia ya jirani, na kila mama alisema hashindani. Eh! Walishindana mpaka kukonda. Na kama sisi tuliacha jani moja tu, Mama alisema, "Mungu anapita hapa kesho, na weye unamuachia takataka?"

Mama Esther, jirani yetu, alikuwa muprotesta. Mambo ya mwavuli na Sakramenti aliyaona ni mchezo wa Bakatolika, na alisema hivyo wazi, kwa sauti. Lakini kipande chake alikifagia kabla ya wote. Maua hakuweka hata moja. "Minye ninafagia njia," alisema. "Siabudu." Mwaka alioumwa miguu, Mama alimfagilia, na akaangalia sana asiangushe ua upande ule. "Atakasirika," alituambia, na hakuwa anatania.

Nyumba ya Mama Esther ilikuwa ya kwanza kuingiliwa na maji. Mtoto wake alikuja kumchukua, akampeleka Lemera, mbali na ziwa. Bati zimeshabebwa, mpapai umeanguka. Tulipopita mbele yake Mama alipunguza mwendo, nikaona kitu nilichokuwa sijakiona nilipofika: mbele ya lile gofu njia ilikuwa safi. Imefagiliwa asubuhi hiyo hiyo. Yetu vilevile. Nyumba nyingine zote zilizoachwa zilikuwa na matope na majani hadi mlangoni.

"Unafagia na kwa Mama Esther?" nikauliza.

"Nani mwingine atafagia?"

Mlangoni mwa kanisa tulimkuta katekista, mtu mpole, anamjua Mama tangu ujana wake. Alimsalimia kwa mikono miwili, akakohoa kidogo. "Mama, ile habari ya Sakramenti, ulisikia? Mwaka huu itapita mu njia ya juu. Huku kwenu maji iko mingi, padri anaogopa bantu bataanguka."

"Nilisikia mu misa," Mama alijibu. "Iko sawa. Asibebe Mungu mu matope."

Nikaona nafasi yangu imefika. Tulipoanza kurudi nikatoa hotuba yangu yote, ile ya Kamanyola, sikuacha kitu. Nikamwambia ukuta utamwangukia usingizini. Nikamwambia maji yale yana kipindupindu. Nikamwambia Bahati halali vizuri, na mimi silali vizuri, na sasa hata Sakramenti haiteremki tena kwake, kitu gani kinambakiza? Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Mama alisikiliza yote, hakukasirika.

"Nitatoka," akasema. "Lakini siachi kipande kichafu siku ya Sakramenti. Ipite, isipite. Kisha hapo munibebe kwenye munataka."

Jumamosi Bahati alikuja na vijana wawili na mkokoteni kuchukua kabati na kitanda. Alitukuta chini, mimi na Mama, magoti kwenye mchanga wenye maji, tunapanga maua. "Yesu Maria!" akasema. "Si wamesema haipiti huku? Kwa nani sasa?" Mama aliendelea kupanga. Bahati alisimama, akakuna kichwa, akawatuma vijana wakapakie wenyewe. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akaenda kutafuta makuti. Mgongo wangu ulikuwa unalia, na Mama bado alikuwa ananisahihisha: hili ua rudisha, huu mstari umepinda, weye macho yako iko wapi? Upande wa Mama Esther tulifagia tu, bila ua hata moja.

Jumapili nyimbo zilianza mbali, juu. Mama alikuwa amesimama kando ya njia tangu mapema, kitenge cha sikukuu, kitambaa kipya kichwani. Nyimbo zikasogea, zikawa kama zinateremka, na nitasema ukweli: mimi niliyekuja na hotuba, nilitamani padri akosee njia. Hakukosea. Nyimbo zilipita nyuma ya nyumba za juu, zikaanza kwenda. Kengele ya baraka ilipogongwa Mama alipiga magoti pale pale kwenye maji na mchanga, Bahati naye, na mimi pia. Tukakaa hivyo mpaka hatukusikia kitu tena.

Baadaye alitokea mama mmoja kutoka ziwani, beseni la ndagala kichwani, anaenda sokoni. Hatumjui. Alipofika kwenye maua yetu alisimama, akavua kandambili, akazishika mkononi, akapita pembeni taratibu asikanyage. "Mungu abariki hii nyumba," akasema, akaenda zake.

Mama alimwangalia hadi alipopotea juu ya njia. "Mumeona?" akasema. "Muntu amepita." Akajipangusa magoti. "Sasa tuende."

Kwa Bahati ni kuzuri, siwezi kusema uongo. Kuna maji ya bomba, kuna dirisha la Mama linaloona ziwa lote hadi taa za Bujumbura, na ziwa liko huko chini, haliwezi kumfikia. Chakula cha kwanza alikula vizuri. Alilala. Nikampigia mume wangu kumwambia kazi imekwisha, kesho kutwa narudi.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Nilimkuta nje ya lango, fagio mkononi, amesimama. Njia ile ni pana, ina kuta ndefu pande zote mbili zenye vipande vya chupa juu, na mfereji uliojaa makopo. Mabaraza hakuna. Lango la jirani likafunguka, akatoka binti amevaa viatu vyeupe, waya masikioni. Mama akamsalimia, akamuuliza, "Mwanangu, kipande chenu kinaishia wapi? Na chetu kinaanzia wapi?"

Binti akatoa waya sikio moja. "Kipande gani, Mama?"

"Cha njia."

Aliangalia njia upande huu, akaangalia upande ule, kweli alijaribu kusaidia, maana si mtoto mbaya. "Hii njia haina wenyewe, Mama. Ni ya serikali. Ni ya Leta." Akatabasamu, akarudisha waya, akaenda.

Mama amekimbia vita na watoto mgongoni. Amemzika Papa. Ameona ziwa linabeba jikoni yake sufuria kwa sufuria. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amepotea, na asubuhi ile, hatua chache kutoka mlango wa mtoto wake, alikuwa amepotea. Kule chini tulijua kila mmoja anaanzia wapi na anaishia wapi, na sisi ndio tuliomtoa.

Aliniona, akanyoosha fagio kuelekea ule ukuta mrefu.

"Furaha," akasema, "sasa nifagie mpaka wapi?"