Duara Jekundu Kwenye Pindo la Leso

Picha ya mdogo wangu ilinifikia nikiwa jikoni huku mjini Ibra, Oman, nachambua mchele. Mkono wake ulikuwa umezungushiwa duara jekundu, na juu ya kichwa chake pameandikwa kwa herufi kubwa: MWIZI WA KURA. Walioisambaza hawakuwa wapinzani wetu. Walikuwa watu wa upande wangu, wanablogu niliokuwa nikiandika nao tangu kampeni zianze.

Nirudi nyuma kidogo. Chama chetu kule Kenya kiliamua kumpata mgombea wake wa urais kwa kura za mchujo, eneo baada ya eneo, na pwani yetu ikapangwa iwe ya mwanzo. Mimi niko Oman, nafanya kazi ya nyumbani kwa bibi mmoja mjane. Kabla ya kuja huku niliripoti habari za mitaa kwenye redio ndogo ya kwetu, na tabia ya kuuliza maswali haikunitoka nilipopanda ndege. Nikafungua ukurasa wangu mtandaoni. Mchana bibi akijinyoosha, mimi huandika. Sijifichi: nina mgombea wangu, na nilimpigia debe waziwazi.

Matokeo ya pwani yalipotoka, mgombea wetu alikuwa ameangushwa. Wala si kwa kura za kubishania.

Blogu za upande wa pili zikaanza sherehe. Mmoja akaweka picha ya sufuria: “Jogoo wenu yuko jikoni, leteni sahani.” Mwingine akatuandikia rambirambi, pamoja na ratiba ya matanga. Hizo nilizicheka, maana tungeshinda sisi tungeandika mabaya zaidi. Za kwetu ndizo zilizoniudhi. Asubuhi walisema pwani ni eneo dogo lisilo na uzito, pwani ile ile waliyoiita lango la Ikulu siku moja kabla. Kufikia adhuhuri walikuwa wamegundua kwamba watu wa pwani hawana msimamo. Alasiri ikaja picha.

Mdogo wangu ni mhudumu wa shule ya msingi iliyotumika kupigia kura. Pichani amesimama kando ya meza, ameinamisha kichwa, anafunga kitu kwenye pindo la leso aliyojitanda. Chini yake wameandika: “Tazameni anavyozificha kura zetu.”

Nikampigia simu. Alikuwa analia.

“Ulikuwa unafunga nini?”

“Dada, hata wewe?”

“Nakuuliza kama ningemuuliza mtu mwingine yeyote. Nijibu.”

“Funguo za darasa! Ulitaka nizitie wapi, mdomoni?”

Akaniambia vijana wa bodaboda wamemzomea njiani, na mwalimu mkuu amemwambia akae nyumbani kwanza, ataitwa. Mshahara wake, pamoja na wangu, ndio unaomlisha mama yetu.

Sikutosheka na neno la ndugu. Nikamtafuta wakala wa mgombea wetu katika kituo kile. Pichani walikuwa wamemkata. Kilichobaki ni kiwiko chake, pembeni mwa mdogo wangu. Alisema darasa lilifunguliwa mbele yake, funguo zikafungwa kwenye leso akiona, na kura zikahesabiwa mbele ya mawakala wote.

“Tulishindwa, basi,” akasema. “Lakini mimi usinitaje. Naishi na watu hapa.”

Nikayapeleka hayo kwenye kundi la simu la wanablogu wetu. Mwenyekiti wa kundi, aliyeko Nairobi, akanijibu kwa sauti ya kubembeleza.

“Dadangu, huyo mama hakuna anayemjua. Jumamosi maeneo mengine yanapiga kura. Watu wetu wakiamini tumeshindwa kihalali, watalala. Wakiamini tumeibiwa, watatoka.”

“Huyo mama ni mdogo wangu, tumbo moja.”

Akajibu: “Pole sana. Lakini picha imeshatembea.”

Mwingine akadakia: “Wewe songa ugali wa Waarabu huko, siasa tuachie sisi.”

Nikamjibu kwamba Waarabu wangu hawali ugali, wanakula wali, na hata hilo hakuuliza kabla ya kuandika.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake hapa Ibra. Wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, wanaume hawaingii. Mimi humbebea bibi kikapu. Bibi alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana, na Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani. Ndani ya abaya yake hakosi kanga. Tulipokaa kwa muuza udi nikamwonesha picha bila kumweleza lolote.

“Bibi, huyu anafanya nini?”

Akaisogeza simu mbali na macho. “Afunga kitu chake pindoni. Kwani we huoni?”

“Wanasema anaiba kura.”

“Ebo! Basi na mie mwizi, wallahi.” Akafunua abaya kidogo, akanitolea pindo la kanga yake. Lilikuwa na fundo, na ndani ya fundo ufunguo wa kabati ambalo hata wanawe hawathubutu kuligusa. Akamtafsiria muuza udi kwa Kiarabu. Yule mama akacheka, akavuta ncha ya shela yake. Na yeye alikuwa na fundo.

Nikaomba ruhusa ya kupiga picha. Wanawake wa soko lile hawapendi simu, na wana haki. Muuza udi akakataa. Bibi akafikiri.

“Uso hapana. Mkono chukua. Na waambie huo mkono una miaka themanini, waje waukamate.”

Nikaiweka picha ya mkono ule kwenye ukurasa wangu, nikauchorea duara jekundu. Juu nikaandika: “Ibra, Oman. Mwizi mwingine wa kura anaswa sokoni.” Chini nikaandika niliyoyathibitisha: funguo, darasa, kuhesabu, na kwamba pwani tulishindwa. Nikamalizia: “Mgombea wangu bado namtaka. Namtaka ashinde kwa kura.”

Kabla ya magharibi nilikuwa nimeondolewa kwenye kundi. Nikaitwa msaliti, kibaraka, mpishi. Blogu za upande wa pili zikanisifu. Nikawaambia sifa zao wabaki nazo, na ile ratiba ya matanga waitunze, watakuja kuihitaji. Wanawake wa kwetu wanaofanya kazi miji ya Nizwa na Sinaw wakaanza kunitumia picha za mapindo yao: ufunguo, laini ya simu, tasbihi, peremende ya mtoto wa mwajiri.

Mwenyekiti akanipigia. “Futa, tukurudishe.”

“Futeni yenu kwanza.”

“Yetu imeshasambaa, dadangu.”

“Na yangu inasambaa.”

Leo ni Ijumaa, bibi amelala baada ya chakula. Picha ya mdogo wangu bado iko juu kabisa kwenye blogu yao. Nilizituma picha zote mbili, hiyo na ya mkono wa bibi, kwa ofisi ya mgombea wangu, zimesomwa, hazijajibiwa. Kesho maeneo mengine yanapiga kura, na Jumatatu shule zinafunguliwa baada ya likizo. Mwalimu mkuu hajamwita mdogo wangu, wala hajatuma mtu kuchukua funguo. Ziko pale pale, pindoni mwa leso yake.