Nusu Saa ya Dawa ya Mifupa Nyumbani kwa Wakwe

Kuna watu hapa Tabora mpaka leo wakinikuta sokoni wananiuliza, "Shangazi, leo umefunga?" halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nifanyeje, aibu yenyewe niliitengeneza mwenyewe, mbele ya wakwe, tena nikiwa ndiye niliyepewa kazi ya kwenda kusema maneno mazuri.

Nianze na mifupa. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka sitini na mbili, na mwaka juzi niliteleza uani kwangu na ndoo ya maji. Halikuwa anguko la kutisha, nilikaa tu chini kwa kishindo na kujikinga kwa mkono, lakini mkono ukavunjika pale kwenye kifundo kama kijiti cha kiberiti. Daktari akashangaa, akaniandikia nikapimwe Mwanza, majibu yakaja kwamba mifupa yangu imepungua uzito, ndani ina matundu kama sifongo, jambo linalowapata wanawake wengi hedhi ikishakoma. Nikapewa vidonge vya kalisiamu vya kila siku (vikubwa kama vifungo vya koti) na kidonge kingine kidogo cha mara moja kwa wiki, na hicho kidogo ndicho chenye masharti. Muuguzi alinieleza mara tatu: unameza asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha nusu saa nzima unakaa wima, hulali, huinami, huli, maana kikikwama au kikirudi juu kinachoma koo. Nikachagua Jumapili, siku ambayo sifungui kibanda.

Sasa mdogo wangu Ramadhani ana mtoto wa kiume, Shabani, akampenda binti wa Usoke anayeitwa Zuhura, tukapanga kwenda kuposa, na siku tuliyopewa ikawa Jumapili asubuhi. Tulikuwa watatu, mimi, Ramadhani na jirani yetu mmoja mtu mzima, kwenye gari la kukodi. Tuliondoka alfajiri kwa vurugu, watu wanabishana kanga za posa zifungwe kwenye nini, na mimi dawa nikaisahau. Nikaikumbuka tukiwa karibu kabisa na Usoke, tumeanza kuona mabani ya kukaushia tumbaku, na kidonge kimo kwenye pochi yangu. Ningeweza kukiacha, hata muuguzi alisema ukisahau utameza kesho yake asubuhi, lakini hilo lilinitoka kichwani, nikajiambia sijala chochote, nitameza hukohuko, nusu saa ni kitu gani, kwanza chakula cha wageni huchelewa.

Tukapokelewa vizuri sana. Mama yake Zuhura akaniuliza nitumie nini, nikaomba maji ya kunywa, akaleta glasi, na alipogeuka nikatupia kidonge mdomoni nikayamaliza maji yote. Sikuwa hata nimeweka glasi chini, chakula kikaingia. Chai ya maziwa, chapati, viazi vitamu, asali, kuku mzima, na nyuma ya sinia anakuja bibi yake Zuhura kwa fimbo, mgongo umepinda mpaka uso unatazama sakafu.

Niliinuka kumwamkia, na kwetu mtu mzima kama yule unamwinamia. Mimi nikasimama kama mti wa kutundikia nguo, nikasema "Shikamoo, bibi" kutoka kulekule juu, na yeye akajibu "Marahaba, mayu," yaani mama, akiongea na magoti yangu. Kisha akamega chapati kwa mkono wake, akaichovya asali, akaninyooshea.

(Mtaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba nimemeza dawa. Niliogopa. Nilifikiri nikitaja mifupa, watasema ukoo huu una maradhi, mjukuu wetu atazaa watoto wanaovunjikavunjika, na Shabani atakosa mke kwa ajili yangu.)

Nikasema, "Samahani bibi, nimefunga."

Mama yake Zuhura akaitazama glasi. "Umefunga, na maji haya?"

"Nilisahau."

"Basi kama ulisahau, saumu yako ipo," akasema baba yake, Mzee Salumu, mtu mpole kweli, na ningenyamaza pale labda ningepona, lakini bibi akauliza ni saumu gani ya Jumapili, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu kwamba ni ya nadhiri, niliweka nadhiri Shabani akipata mke nitafunga.

Mzee Salumu akaweka kikombe chini. "Nadhiri mtu huitimiza akishajaliwa alichoomba," akasema taratibu. "Sisi hatujawajibu. Kumbe mlishajijibu wenyewe?"

Ramadhani akanisogelea, "Dada, unafanya nini?" na mimi siwezi kumnong'oneza kwa sababu kumnong'oneza ni kuinama. Wakaniletea mto niegemee mkekani, nikakataa. Bibi akaniangalia vile alivyoweza, shingo kaipinda pembeni, kile kipande cha chapati bado kiko mkononi, asali inadondoka, halafu akageuka akarudi ndani kidogo kidogo na fimbo yake. Mama yake Zuhura akamfuata, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama anasema mtu asiyekula mkononi mwake anamwogopa kwa uchawi," akasema. "Anasema mjukuu wake haendi kwa watu wanaomwona hivyo."

Mzee Salumu akausogeza mzigo wa kanga tuliouleta, akaurudisha mpaka miguuni pa Ramadhani. Nilimwona mdogo wangu anavyoutazama ule mzigo, nikamfikiria Shabani kule nyumbani anasubiri simu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nimeharibu kitu ambacho hakikuwa changu.

Nilikuwa nafungua mdomo kusema ukweli, naapa nilikuwa nafungua, simu ikanitangulia. Shabani alikuwa ameniwekea kengele ya dawa, nikimeza nabonyeza na inahesabu nusu saa, na badala ya mlio aliweka sauti yake mwenyewe, nami nilikuwa nimebonyeza kwa mazoea bila kufikiri. Ikatoka kwenye pochi, sauti kubwa kama ya muadhini: "Shangazi, nusu saa ya dawa ya mifupa imetimia. Sasa unaweza kula."

Ikasema mara tatu. Nilipapasa pochi nzima bila kuipata niizime.

Basi nikasema yote, mkono uliovunjika, Mwanza, sifongo, saumu ya uongo, na hofu yangu kwamba wangemkataa kijana. Mzee Salumu akauliza swali moja tu, "Na Shabani je, anaumwa?" Nikamwambia hapana, haya yangu ni ya umri wa mama mtu mzima. Ndani tukasikia fimbo inagonga sakafu, bibi anarudi.

"Hebu sema tena," akasema. "Mifupa inaisha ndani?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nilikuwa namzidi huyu kimo," akamnyooshea fimbo mwanawe, Mzee Salumu. "Mkono umevunjika mara mbili. Wananiambia uzee. Kumbe una dawa. Nipe kimoja."

Ikabidi nimkatalie bibi kwa mara ya pili siku hiyohiyo, nikimweleza kwamba lazima kwanza daktari ampime, aangalie na figo, hii si dawa ya kugawana. Safari hii hakukasirika. Akaketi karibu yangu, akasema, "Basi kula," na mimi nikala mkononi mwake, chapati nne, huku machozi yananitoka. Mzee Salumu akauvuta mzigo wa kanga upande wake, nikajua tumekubaliwa.

Njiani kurudi Ramadhani akaigiza sauti ya mwanawe, "Sasa unaweza kula," na dereva, ambaye alikuwa ameshasimuliwa na watu wa nje, ikabidi aegeshe gari kwanza tumalize kucheka.

Zuhura sasa ni mke wa Shabani, na bibi alipelekwa hospitali, akapimwa, naye ana dawa zake. Mimi nimejifunza kwamba ugonjwa ukiusema unachukua dakika moja, ukiuficha unaweza kuchukua ukoo mzima. Simezi tena dawa ugenini, na kwa ruhusa ya daktari siku nimeihamishia Jumanne, maana sijawahi kusikia watu wanakwenda kuposa Jumanne.