Zaituni Asiye na Ubini

Sijasema Zaituni aombewe kama binadamu. Baba mkubwa ndivyo alivyonielewa jioni hii, akaja juu. Kesho ni arobaini ya babu, wakwe watakuja, wazee aliokuwa nao jeshini watakuja, na yeye hataki habari za punda kwenye shughuli ya baba yake. Mie nataka atajwe tu. Huyo baba yake ndiye aliyekuwaga anamtaja, na kesho tukinyamaza, mwakani nani atamkumbuka?

Nilipokuwa darasa la nne, Shaaban ikiingia, nyumba yetu ya Mbagala ilinukia ubani mpaka kwenye mashuka. Ndizo siku za kuwarehemu wafu wetu kabla ya mfungo. Vitanda vinasogezwa, mikeka inatandikwa ukumbini, sie wanawake tunabaki uani na masufuria ya pilau, moshi unatuingia machoni, huku sauti ya maalimu inatufikia kupitia dirishani. Babu alimpa majina kwa mdomo: baba yake na mama yake, dada yake, wenzake waliokufa vita ya Kagera, kila mmoja na jina la baba yake. Mwisho kabisa, Zaituni. Zaituni hivyo hivyo, bila binti wa nani. Hapo bibi anaacha kukoroga. Mama zangu wadogo wanatazamana, mmoja ananong'ona kwamba wanaume wakienda vitani wanakuwaga na mambo yao huko. Bibi alinunaga mpaka mwezi uandame.

Mwaka ule nilichoka na kunong'ona kwao. Babu alipotoka uani kunawa mikono, nikamwuliza mbele ya bibi kama Zaituni alikuwa mke wake. Mama alinikata jicho, nikajua leo napigwa. Babu akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema alikuwa punda. Walimkuta kwenye kijiji ambacho watu wameshakimbia, wakambebesha masanduku ya risasi kwa sababu magari yalikuwa yamezama kwenye tope. Jina alimpa yeye, kwa ajili ya yale macho yake. Alibeba mvua ikimnyeshea, mgongo umechubuka mpaka nyama inaonekana, akaja kuanguka kwenye mlima mmoja na mzigo wake. Amri ikatoka masanduku yafunguliwe, safari iendelee.

"Wenzangu tulirudi tukawazika," babu akasema. "Yeye tulimruka, tukapita. Pengine pa kumtaja sina."

Bibi alikuwa bado kashika upawa.

"Yaani mie, mzee, miaka yote hii namwonea wivu punda?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mama zangu wadogo wakajifanya wanaangalia moto.

Maalimu alipoambiwa hakukasirika. Alisema dua ya maghufira ni ya watu, mnyama hana dhambi ya kusamehewa, lakini kumkumbuka hakuna aliyekatazwa. Tangu hapo babu akawa anamtaja sinia likishatua, kabla mtu hajatia mkono. Tunacheka, tunanyamaza kidogo, ndio tunakula. Nilikuwa mdogo, nikadhani kila nyumba inafanya hivyo.

Sasa hivi hata sinia lenyewe halipo. Pilau linatiwa kwenye vifungashio, mtu anapokea chake, anakula huku anachati, mwingine anatia kwenye mfuko anawahi zake nyumbani. Ule muda wa mikono yote kusubiri pamoja umekufa, na wala sio baba mkubwa aliyeuua. Watoto wa kaka yangu wanajua babu alikuwa mwanajeshi, basi. Punda hawamjui.

Nimeshaamua. Bibi yuko chumbani kwenye eda, hatoki. Kesho nikishaswali alfajiri, wanaume wakiwa bado msikitini, nitaliburuta gunia la vitunguu mpaka mlangoni kwa bibi, wanawake wote wamenyee pale. Nitaanza kuwasimulia habari za Zaituni, na nikikosea, bibi atanirekebisha kutoka ndani.