Kiroba cha Mahindi Meupe

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya ugali wa njano.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Moi's Bridge, na mwaka huo mvua ilikuwa imetukataa. Wewe huenda huoni ajabu yoyote katika ugali wa njano. Lakini sisi tulizaliwa katika nchi ya mahindi. Baba zetu walivuna mahindi meupe hadi yakakosa pa kuwekwa, na tangu utotoni tulifundishwa kwamba ya njano ni ya ng'ombe, au ya watu walioshindwa na maisha. Basi mahindi ya msaada yalipoletwa, na mkuu wa shule akayapokea ili asiturudishe nyumbani, tulijiona tumetukanwa. Mmoja wetu alisukuma sahani yake akauliza, "Sasa wakishatulisha hii, watatukamua saa ngapi?" Bwalo zima likacheka. Mkuu wa shule alikuwa ameketi meza ya pembeni na sahani ya ugali huohuo. Alimeza tonge, akasema, "Wewe bado hujafikisha umri wa kukamuliwa. Kula."

Huyo ndiye Mwalimu Roda. Alikuja kwetu kutoka upande wa ziwa na watoto wawili, bila mume, naye hakueleza wala sisi hatukuuliza. Alitufundisha hisabati. Katika ukosi wa nguo yake hakukosa sindano iliyotungwa uzi, na akikukuta paredi na shati lisilo na kifungo, alikushonea papo hapo huku akikugombeza. Ukijitikisa, sindano inakuchoma. Kwa hiyo ulisimama wima na kusikiliza. Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati huo, lakini hakuna niliyoyasikiliza kama yale ya kifungo.

Mtoto wake mkubwa, Onesmo, alikuwa darasa moja nami. Mama yake hakutaka mtu aseme anapendelewa, kwa hiyo Onesmo alilala bwenini pamoja nasi ingawa nyumba yao ilikuwa ndani ya ua wa shule, na mbele ya watu alimwita mama yake Mwalimu. Kijana mpole, mwepesi wa kucheka. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Hilo ndilo linalonisumbua. Mtu anaweza kumwangamiza mwenzake bila hata kumchukia.

Mahindi meupe machache yalikuwa yamebaki stoo, nayo yaliwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Siku ya zamu yangu ya kubeba kuni jikoni, nilijaza kiroba nikakificha mtaroni, chini ya ua wa miiba. Nilipanga kukipeleka kwa mama mmoja jirani wa shule anisagie, nile ugali wa watu. Tazama upumbavu huo, mwanangu. Kulikuwa na njaa nchini, na mimi nilikuwa nashiba kila siku, lakini niliiba kwa sababu ya rangi ya unga.

Jumamosi tulitumwa kufyeka nyasi. Onesmo akakiona kiroba. Alikitoa mtaroni, akakitwika begani, akaanza kukirudisha stoo. Ila njia ya kutoka mtaroni ilipita mbele ya lango la nyumba yao, na hapo ndipo mwalimu wa zamu alipokutana naye. Kiroba cha mahindi meupe begani mwa mtoto wa mkuu wa shule, mbele ya lango la mkuu wa shule. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

"Nimekiokota mtaroni," Onesmo alisema. "Nakirudisha."

Mwalimu wa zamu akatugeukia sisi tuliokuwa na fyekeo. "Nani amemwona?"

Mwanangu, wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kilikuwa salama. Nilisema, "Mimi nimemwona akitoka nacho stoo."

Sentensi moja. Niliogopa kwamba nikikaa kimya wangetafuta, na wakitafuta wangenipata. Nilidhani pia kwamba mtoto wa mkuu wa shule hawezi kupata adhabu kubwa. Atagombezwa, nikawaza, halafu wataingia ndani wale chapati.

Jumatatu Mwalimu Roda alisimama paredi. Hakupaza sauti. Alisema mwanafunzi yeyote anayechukua chakula cha wagonjwa hana nafasi katika shule ile, na kwamba Onesmo ataondoka leo. Mwalimu wa zamu akamnong'oneza jambo, nadhani alimwomba ampunguzie. Yeye akajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Angekuwa wa mtu mwingine ungeniomba?" Mchana huo Onesmo alipita langoni na sanduku lake, akaenda kumalizia masomo kwa shangazi yake huko ziwani. Mama yake alikuwa darasani kwetu akifundisha. Aliendelea kuandika ubaoni hadi kengele ikalia, na tulipotazama daftari zetu tuliona ameandika hesabu ileile mara mbili.

Nilinyamaza. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi shambani, nikaoa, baadaye nikahamia hapa Kiplombe na ng'ombe wangu. Wala usifikiri nilikuwa natetemeka kila siku. Nilisahau miezi mizima. Kisha jina la Mwalimu Roda likitajwa tu, kanisani au sokoni, naondoka. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Siku moja aliniambia, "Baba Njeri, kila ukisikia habari za huyo mama unaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawajatoroka. Ni nini wewe unakimbia?" Nikamwambia yote. Alikuwa akichambua mboga. Alichambua hadi zikaisha, akasema, "Huyo mama bado anaishi. Bahati yako."

Mwaka uliopita tulisikia Mwalimu ni mgonjwa na yuko kwa binti yake mtaa wa West Indies, hapa mjini. Sisi tuliosoma kwake tukapanga kwenda kumwona, kama ilivyo desturi: unga, sukari, majani ya chai, na maombi. Tulimkuta kwenye kochi amejifunika shuka, amekonda, lakini macho ni yaleyale ya kukagua vifungo. Onesmo alikuwepo. Alikuwa amefunga gereji yake huko ziwani kwa muda ili aje kumuuguza mama yake. Mzee mwenye mvi kama mimi. Alitumiminia chai, akatusalimu kila mmoja kwa jina. Mimi pia.

Msemaji wetu, mtu wa maneno mengi, akasimama kumsifu Mwalimu. Akafika pale ambapo watu wa shule yetu hufika kila wakikutana. "Huyu mama hakujua kupendelea. Alifukuza hata mtoto wake wa kuzaa kwa kiroba cha mahindi. Nani leo anaweza?" Watu wakapiga makofi. Mmoja akamtania Onesmo, "Lakini bwana, hayo mahindi si hata ungetuachia kidogo?" Onesmo akatabasamu kama mtu anayeujua mzaha huo siku nyingi. Mimi nilimtazama mama yake. Alikuwa ameweka kikombe chini na kuangalia mikono yake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikuwa nimemfukuzisha kijana shule tu. Nilikuwa nimempa mama yule sifa aliyokuwa anaugua kwayo. Kwa miaka yote iliyofuata alisifiwa kwa siku ile ile iliyomuuma kuliko zote, wala hakujua kama mwanawe ni mwizi au si mwizi.

Nilisimama. Magoti yalikuwa yanagongana. "Mwalimu," nikasema, "kile kiroba nilikiiba mimi. Mimi ndiye nilikificha mtaroni. Onesmo alikuwa anakirudisha, kama alivyosema. Nilisema uwongo."

Mwalimu Roda aliniangalia, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mbona hukuniambia kwa nguvu?"

"Nilikuambia, Mwalimu," Onesmo akajibu.

"Mara moja tu."

"Wewe ndiye ulitufundisha jibu sahihi halirudiwi mara mbili."

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, binti yake akakimbia kuleta maji, na alipotulia machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Akamwambia Onesmo asogee. Akamshika mkono, akaushikilia. Kisha akaniita.

"Wewe. Simama sawasawa."

Nilikuwa nimeshasimama, lakini nilijinyoosha.

"Sikiliza vizuri. Uwongo ni wako, na kunyamaza ni kwako. Lakini mtoto huyu alinitazama usoni akaniambia ukweli, nami nikamfukuza kwa haraka kuliko ningemfukuza mtoto wa mtu mwingine. Mtoto wa mwingine ningemuuliza maswali. Huyu sikumuuliza, kwa sababu niliogopa midomo ya watu. Hilo ni langu mimi na mwanangu. Usilichukue ili uonekane mtu wa kutubu sana. Beba lako tu, linakutosha."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi nimekusamehe. Mwombe aliyebeba sanduku."

Nikamgeukia Onesmo. Nilikuwa tayari kwa kofi. Akasema, "Mzee, keti umalize chai. Nikishajua kama nimekasirika, nitakuja kukuambia."

Akaja kweli, wiki chache baadaye, hadi hapa Kiplombe. Aliniambia alikasirika njia nzima, na kwamba hasira hiyo imemwishia karibu na daraja, na sasa ana njaa. Mke wangu akampikia. Tulikaa hadi jioni tukizungumzia bei ya mbolea. Sikujua mtu anaweza kufurahia hivyo mazungumzo ya mbolea.

Mwalimu Roda alifariki kabla ya mvua ndefu. Onesmo aliniambia kwamba baada ya ile siku ya chai mama yake alilala vizuri, na kila asubuhi alimwita aketi karibu naye amsimulie miaka ya kwa shangazi: alikula nini, nani alimshonea vifungo, alilia siku ngapi. Alitaka kuisikia yote. Walipata miezi michache ya kuwa mama na mtoto, ambayo mimi niliikalia kwa miaka mingi.

Kwenye mazishi Onesmo aliomba nizungumze. Nilieleza kisa kile jinsi kilivyokuwa, mbele ya walimu, wanakijiji na wanafunzi wa zamani waliotoka mbali. Nilisema Mwalimu wetu alikuwa mwadilifu, na kwamba alikuwa pia mama aliyekosea mara moja kwa kuogopa maneno ya watu, akaishi hadi akalikubali kosa hilo mbele ya mwanawe. Sifa hiyo ya pili, niliwaambia, ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilipoketi, mwili wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni kutoka kichwani.

Sasa nakuachia haya, mwanangu. Ukijua jambo linaloweza kusafisha jina la mwenzako, liseme mapema, liseme ukiwa bado unatetemeka. Usingoje ujasiri, ujasiri haukuwahi kunijia, niliambulia magoti yanayogongana tu, nayo yakatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu niliujenga ndani ya nyumba ya watu wengine. Nawe ukipewa siku moja shule, ofisi au nyumba ya kusimamia, usimpendelee mtoto wako, lakini pia usimtoe mtoto wako ili watu wakupigie makofi. Muulize maswali yale yale unayomuuliza mtoto wa jirani, na umsikilize hata akijibu mara moja tu. Na ukikosea, kubali sehemu yako yote, wala usiongeze ya mwenzio juu yake.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na sikio zito kwa fitina. Akupe mwalimu wa kukugombeza kwa mapenzi, na ukishamkosea, akuhifadhie nafasi ya kumkuta angali hai, chai ikiwa bado moto.