Stempu Aliyoibandua Gathogo

Watu wa Ruiru walimjua Zacharia Gathogo kwa mambo mawili: hati yake nzuri, iliyompa kazi ya ukarani katika kiwanda cha kahawa, na wazimu wake wa stempu. Tena si stempu za barua. Hizo, alisema, hata mtoto anaweza kuzikusanya. Yeye alipenda stempu za ushuru, zile zinazobandikwa chini ya mapatano ili karatasi ipate nguvu ya sheria. Alizibandua kwa mvuke wa birika na kuzipanga katika daftari lenye jalada jekundu: Mfalme mwenye ndevu kurasa za mbele, mwanawe asiye na ndevu katikati, na Malkia kijana mwishoni. Akitaka kujua stempu ni ya toleo gani, aliilaza kifudifudi katika kisosi cheusi na kuidondoshea benzini, mpaka ile alama ya taji iliyofichwa ndani ya karatasi yake itokeze. Ikitokeza, alicheka peke yake. Wamboi, mkewe, alimwambia waziwazi kwamba yeye hajawahi kutazamwa namna hiyo tangu aolewe.

Wazimu huo ulimfikisha pabaya mwaka 1956, Jumatano moja jioni, mwanamke aliyejitanda kanga nyeusi alipobisha hodi.

"Karani, hunikumbuki," alisema. "Mimi Mwanaharusi, wa Majengo ya Thika. Mke wa Salehe."

Gathogo alimkumbuka Salehe. Miaka mitano nyuma, siku za Jumamosi, Gathogo alikuwa akiwasomea watu karatasi zao sokoni Thika, na Salehe, mkata mkonge, alimletea mapatano ya nyumba aliyouziwa na mzee Kaleli mwaka 1934. Gathogo aliyasoma yote, kisha jicho likamnata kwenye stempu. Akaiomba. Salehe akacheka sana. "Chukua hiyo picha," alisema, "mradi uniachie maneno." Hakuna kati yao aliyedhani kwamba nyumba ilikuwa imeshikiliwa na picha.

Sasa Salehe alikuwa kaburini mwezi wa nne. Mji ulikuwa ukiandika upya wenye nyumba wa Majengo, na Makau, mwana wa Kaleli, alikuwa amejitokeza kusema kwamba baba yake alipangisha tu, hakuuza. Mwanaharusi akaikunjua karatasi mezani. Chini kabisa palikuwa na pengo jeupe. Upande wake wa kushoto palikuwa na nusu ya alama ya kidole gumba cha Kaleli, na upande wa kulia nusu ya kidole gumba cha Salehe. Nusu zilizobaki zilikuwa juu ya stempu, kwa kuwa mwandishi wa mapatano yale aliwataka muuzaji na mnunuzi wote wawili waibonyeze kwa vidole, kila mmoja ukingoni mwake.

"Wamenipa mpaka Ijumaa," alisema Mwanaharusi. "Bila stempu nyumba ni ya Makau. Mimi sina pengine pa kwenda, karani."

Kubandua stempu ya ushuru kwenye karatasi ya mtu lilikuwa kosa. Hilo Gathogo alilijua leo, ingawa enzi zile hakujisumbua kulijua. Lakini lililomkata maini ni jingine. Mwanzoni mwa wazimu wake alikuwa na tabia ya kuwaosha wafalme nyuso. Stempu yenye uchafu aliipangusa kwa kitambaa chenye benzini, na wino wa vidole, ambao ni wa mafuta, ulitoka wote.

Alilifungua daftari. Stempu kubwa za Mfalme mwenye ndevu zilikuwa thelathini na nane, zote safi, zinang'aa. Alizigeuza moja moja, na kila iliyong'aa ilimchoma. Hapakuwa na dole hata moja.

"Baba Ngendo," Wamboi alisema polepole, "hata wewe umeosha nyumba ya mtu?"

Mwanaharusi hakulia. Alikaa tu, macho yakiwa kwenye lile pengo. Na kwa sababu hakuweza kumtazama usoni, Gathogo akalitazama pengo vilevile. Likamshangaza. Alichukua rula akalipima, kisha akapima stempu moja ya daftarini. Pengo lilikuwa dogo mno! Stempu zake zote za ushuru zilikuwa ndefu, lakini hii iliyotoka hapa ilikuwa na kimo cha stempu ya barua. Ndipo alipokumbuka kwamba zamani zilikuwako stempu zilizotumika kwa kazi zote mbili, barua na ushuru, na mwandishi asipokuwa na ile ndefu alibandika hii fupi, nayo ikakubaliwa na sheria.

Na stempu fupi zenye madole, alizoziomba sokoni akidhani ni za ushuru, alizidharau kila alipozichunguza nyumbani! Wakusanyaji wenzake walizikataa kwa kuwa hazina muhuri wa posta, na yeye alizikataa kwa kuwa hazikuwa za ushuru halisi. Hakuziosha wala kuzibandika popote.

"Mama Ngendo, lile kopo la takataka liko wapi?"

"La majani ya chai? Si uliniambia nitupe!"

"Ulitupa?"

"Ngai, tangu lini mimi natupa kopo lenye kifuniko? Liko na vifungo vyangu."

Wakamwaga kila kitu mezani, vifungo, sindano na stempu kama mia mbili. Wakagawana watu watatu. Za Malkia kando, za mwana kando. Za mwenye ndevu zilibaki kumi na saba, na zenye wino kingo zote mbili zikawa nne. Gathogo akaanza kuziegemeza kwenye pengo kwa ncha ya koleo ndogo. Ya kwanza mistari haikukutana. Ya pili pia. Kabla hajaigusa ya tatu, Mwanaharusi alimshika mkono.

"Hiyo," alisema. "Ona kovu. Panga la mkonge lilimkata Salehe kabla sijaolewa."

Gathogo akaishusha. Kovu lililoanzia kwenye karatasi likapanda juu ya stempu bila kuyumba, na upande wa pili mizunguko ya kidole cha Kaleli ikaungana yote. Gathogo alishusha pumzi ndefu mpaka vifungo vikahama mezani. Wamboi akapiga vigelegele, majirani wakadhani kumezaliwa mtoto.

Ijumaa Gathogo aliomba pasi ya kwenda Thika, kibali alichotakiwa kuwa nacho siku hizo za hali ya hatari, akaenda. Angeweza kumwachia mjane aipeleke mwenyewe na kusema ilibanduka tu. Alipiga moyo konde, akasimama mbele ya karani wa viwanja na kutamka, "Mimi ndiye niliyeibandua." Karani aliitazama karatasi kwa kioo cha kukuzia, akatazama tena, akamwita Makau naye atazame. Makau alikitambua kidole cha baba yake. Akasema hana neno. Karani akaliandika jina la Mwanaharusi, akamwambia Gathogo kwamba kwa haki angemfunga, lakini siku hiyo alikuwa na watu wengi wa kuwahudumia.

Nje, Gathogo alicheka mwenyewe, machozi yakamtoka. Alikuwa mwepesi ajabu. Hajafungwa, na mama huyu atalala kwake.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nimekusamehe tangu juzi." Mwanaharusi aliikunja karatasi, akaificha kifuani. "Lakini niambie, karani. Wale thelathini na nane uliowaoshea stempu zao, unawajua majina?"